Ovari ya Kamba Haijiamulii

Kamba jike wa maji baridi hahitaji mashine ili ajulikane amefika hatua gani ya uzazi. Gamba lake linapitisha mwanga, na ovari imelala mgongoni, chini ya gamba la kichwa, juu ya tumbo na tezi ya mmeng'enyo. Mfanyakazi wa kituo cha kuzalisha vifaranga humwinua kwenye mwanga akatazama rangi. Ovari changa haionekani, au huonekana nyeupe. Siku zinavyopita huingia unjano, kisha rangi ya chungwa, na mwishowe chungwa iliyokolea, imejaa kutoka nyuma ya macho mpaka mwanzo wa mkia. Jike wa namna hiyo yuko tayari. Ataambua gamba, atapandwa na dume ndani ya saa chache angali laini, na kwa kawaida siku haitaisha kabla hajataga.

Kwa mfugaji, rangi hiyo inatosha kupanga kazi ya wiki. Mwanabiolojia anauliza swali la nyuma yake: ni nani aliyeiambia ovari ianze kujaa, na kwa nini leo, si mwezi uliopita? Jibu linalokuja haraka ni kwamba ovari ina jeni zake. Ni kweli, inazo. Lakini ukifuatilia jeni zinazoamua ovari ijae au ilale, nyingi unazikuta zikifanya kazi kwingine: kwenye vikonyo vya macho, kwenye tezi ya mmeng'enyo, na hata kwenye tezi moja ndogo iliyo ndani ya dume. Ovari ya kamba hupokea maagizo zaidi kuliko inavyoyatoa, na asiyelijua hilo atazisoma vibaya habari zote zinazotoka maabara kuhusu "jeni za ovari".

Kamba wawili, mahitaji mawili

Kamba wa maji baridi wanaofugwa zaidi duniani ni wa jenasi ya Macrobrachium. Aliye mkubwa kuliko wote kibiashara ni Macrobrachium rosenbergii, mwenyeji wa mito ya Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki hadi kaskazini mwa Australia. Ufugaji wake wa kisasa ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Penang, Malaysia, pale Shao-Wen Ling alipogundua kwamba mabuu wa kamba huyu hawawezi kukua bila maji yenye chumvi kiasi. Jike huishi mtoni, lakini watoto wake lazima waonje maji ya mlangoni mwa bahari. Muda mfupi baadaye Takuji Fujimura alichukua kamba kutoka Malaysia akawapeleka Hawaii, na huko akabuni njia ya kuzalisha vifaranga kwa wingi. Leo kamba huyu hufugwa Thailand, Bangladesh, India, Vietnam, China na nchi nyingine nyingi.

Mwenye kituo cha vifaranga anataka mayai, tena anayataka kwa wakati mmoja. Jike anayetaga mara ya kwanza hutoa mayai kati ya 5,000 na 20,000. Aliyekomaa na kunenepa hufikisha 80,000 hadi 100,000. Huyabeba chini ya mkia kwa takriban wiki tatu, maji yakiwa na joto la nyuzi 28 hivi. Mayai huwa na rangi ya chungwa mpaka siku mbili tatu kabla ya kuanguliwa, ndipo yanapogeuka kijivu cha kuelekea weusi. Mabuu hupitia hatua 11 kabla ya kuwa vifaranga kamili, na wakubwa wakichanganywa na wadogo, wadogo huliwa. Kwa hiyo kituo kinahitaji majike wengi walioiva pamoja. Ovari zinazokomaa kila moja kwa wakati wake ni hasara.

Kamba wa pili ana shida iliyo kinyume kabisa. Huyu ni Macrobrachium nipponense, mdogo kwa umbo, anayependwa sana China, hasa maeneo ya Mto Yangtze na Ziwa Taihu. Majike wake hukomaa mapema mno. Wanaozaliwa kiangazi hufikia kutaga baada ya wiki chache tu, msimu wa vuli ukiwa bado haujaisha. Bwawa lililowekwa kizazi kimoja hujikuta na viwili; chakula kinagawanywa kwa vichwa vingi, na nguvu ambayo jike angeitumia kukua anaimalizia kwenye mayai. Sokoni wanafika kamba wadogo, nao wadogo hawana bei. Ndiyo maana watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Uvuvi wa Maji Baridi mjini Wuxi wametumia miaka mingi wakichambua jeni za ovari za kamba huyu. Wanatafuta namna ya kuichelewesha.

Mfugaji mmoja anataka ovari ijae upesi, mwingine anaomba itulie, na wote wawili wanaulizia mfumo uleule wa jeni.

Kiini cha yai hutoka mbali

Sehemu kubwa ya kujaa kwa ovari ni kujaa kwa kiini cha yai, yaani ile akiba ya protini na mafuta atakayoitegemea mtoto mpaka aanze kula mwenyewe. Malighafi ya akiba hiyo ni protini kubwa iitwayo vitelojenini, na jeni yake ndiyo iliyochunguzwa kuliko nyingine zote katika uzazi wa kamba.

Katika kamba wa bahari wa jamii ya Penaeus, jeni hiyo hufanya kazi ndani ya ovari na nje yake pia. Katika Macrobrachium rosenbergii kazi hiyo hufanyika hasa kwenye tezi ya mmeng'enyo, kiungo kikubwa chenye rangi ya udongo kilicho chini ya ovari, ambacho kwa kamba hufanya kazi za ini na kongosho kwa pamoja. Huko jeni husomwa, protini hutengenezwa, kisha hukatwa na vimeng'enya vipande vipande na kuingizwa kwenye damu. Damu huizungusha mwilini mpaka kwenye ovari, na kila yai changa huinyakua kwa kutumia vipokezi vilivyopangwa juu ya utando wake. Jeni ya vipokezi hivyo ni ya ovari yenyewe. Watafiti wakiinyamazisha, vitelojenini hubaki ikizunguka kwenye damu huku mayai yakidumaa.

Rangi ya chungwa nayo husafiri njia hiyohiyo. Ni astaksanthini, kemikali ya jamii moja na ile inayoipa karoti rangi yake. Kamba hawezi kuitengeneza kutoka mwanzo. Huipata kwenye chakula au huigeuza kutoka kwa kemikali jirani zilizo ndani ya mwani, na mwilini husafiri ikiwa imeshikamana na protini zinazobeba mafuta. Mfanyakazi anayetazama rangi mgongoni mwa jike, kwa hakika anatazama kazi iliyofanywa na kiungo kingine.

Vitelojenini ya kamba ina jambo jingine la kushangaza. Mwaka 2007 watafiti waliolinganisha mpangilio wake na wa protini za wanyama wengine walionyesha kwamba udugu wake wa karibu hauko kwa vitelojenini ya kuku au ya samaki. Uko kwa protini za kubeba mafuta kwenye damu: za wadudu, na ile apolipoprotini B ambayo kwa binadamu hubeba lehemu. Ukoo wa kamba, kwa maneno mengine, ulichukua gari la kusafirishia mafuta mwilini ukalipa kazi ya kulisha mayai. Hiyo inatusaidia kuelewa kwa nini lishe ya jike huonekana upesi kwenye ovari yake. Mfumo wa kulisha mwili na mfumo wa kulisha yai imetokana na shina moja.

Tukumbuke pia kwamba jeni ya vitelojenini haiko kwa majike peke yao. Dume anayo, nzima, haina dosari, ila kwake imelala. Kuwa na jeni ni jambo moja, na jeni hiyo kufanya kazi ni jambo jingine. Tutarudi kwa dume baadaye.

Breki iliyo kwenye macho

Mwaka 1943 mwanasayansi Mfaransa Jean Panouse aliwakata kamba wa bahari, majike, vikonyo vya macho wakati ambao si msimu wa uzazi. Ovari zao, zilizopaswa kuwa zimelala, zikaanza kukua. Maelezo pekee yaliyokubaliana na matokeo hayo ni kwamba kikonyo kilikuwa kinatoa kitu cha kuizuia ovari. Kikiondolewa, kizuizi kinaondoka nacho.

Leo tunaijua sehemu yenyewe. Ndani ya kila kikonyo kuna kundi la seli za neva liitwalo kiungo X, na pembeni yake tezi ya sinasi ambayo huhifadhi na kuachia homoni zinazotengenezwa na seli hizo. Mojawapo ya homoni hizo ni ile ya kuzuia viungo vya uzazi, maarufu kwa kifupi cha GIH. Jeni yake ni ya ukoo mmoja na jeni ya homoni inayopandisha sukari kwenye damu na ile inayozuia kuambua gamba. Zote ni protini fupi zenye umbo linaloshabihiana, zilizotokana na kunakiliwa kwa jeni moja ya kale. GIH ikiwa nyingi, jeni ya vitelojenini hutulizwa. GIH ikipungua, tezi ya mmeng'enyo huanza kutengeneza malighafi ya kiini.

Ugunduzi wa Panouse uligeuka kuwa mbinu ya biashara. Kwenye vituo vya kamba wa bahari duniani kote, jike hukatwa, huminywa au hufungwa kikonyo kimoja ili atage upesi. Mbinu inafanya kazi, lakini kasoro zake zinajulikana. Kikonyo hakibebi GIH tu; kina pia homoni za sukari, za kuambua gamba, za kusawazisha maji na chumvi, na za rangi ya mwili. Ukikiondoa umeziondoa zote. Jike hutaga mfululizo, hudhoofika, ubora wa mayai hushuka kadiri uzao unavyofuatana, na vifo huongezeka. Juu ya hayo, wanunuzi wa Ulaya wanazidi kuuliza namna kamba wanavyotendewa.

Hapa ndipo ujuzi wa jeni moja moja unapokuwa na faida. Kama tatizo ni homoni moja, kwa nini uondoe jicho zima? Watafiti wa Thailand waliwadunga kamba wa bahari, Penaeus monodon, RNA ya nyuzi mbili iliyotengenezwa ili ilingane na jeni ya GIH. RNA ya namna hiyo huvifanya vimeng'enya vya seli kukata ujumbe wa jeni inayolengwa kabla haujageuzwa kuwa protini. Mwaka 2011 waliripoti kwamba ovari za majike hao zilikomaa na wakataga, macho yao yakiwa mazima. Jeni yenyewe haikuguswa. Ujumbe wake tu ndio uliozuiwa, na athari huisha RNA iliyodungwa inapokwisha mwilini. Jeni hiyohiyo imefuatiliwa pia kwa kamba wa maji baridi, na mwelekeo ni uleule: GIH ikishuka, vitelojenini hupanda.

Kwa upande wa kusukuma, wapo wengine. Tezi iliyo karibu na taya hutoa methili-fanesoeti, ndugu wa homoni ya ujana ya wadudu, ambayo iligunduliwa kwa krasteshia, yaani jamii ya kamba na kaa, mwaka 1987 na ambayo huchangamsha ovari. Tezi nyingine kifuani hutoa ekdisoni, homoni ya kuambua gamba. Kwenye ubongo, serotonini huharakisha ukomavu na dopamini huuchelewesha. Zote hizi zina jeni za kuzitengeneza na jeni za vipokezi vyake, na zote hukutana kwenye kalenda moja, kalenda ya gamba. Jike wa Macrobrachium hupandwa mara baada ya kuambua gamba, kwa hiyo ovari iliyoiva kabla au baada ya siku hiyo haina kazi. Mwili hauna budi kuoanisha mambo mawili makubwa, kujenga gamba jipya na kujaza mayai, na uoanishaji huo hufanywa na homoni, si na ovari.

Pale yai linapojiamulia

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ovari haina lake. Ina mambo mawili ambayo hakuna kiungo kingine kinachoweza kuifanyia.

La kwanza ni kutunza mbegu ya kizazi kijacho. Ndani ya ovari kuna seli za asili ambazo kutokana nazo mayai yote hutoka. Seli hizo hutambulika kwa jeni kama vasa na nanos, zinazopatikana karibu kwa wanyama wote na ambazo kazi yake ni kuzifanya seli za uzazi zibaki seli za uzazi, zisigeuke kuwa misuli au ngozi. Mtafiti akitaka kujua seli za uzazi ziko wapi ndani ya kiinitete cha kamba, hutafuta mahali ambapo vasa inafanya kazi.

La pili ni hatua ya mwisho ya kukomaa. Yai changa huanza mgawanyiko wa kupunguza kromosomu kisha husimama katikati, na hubaki limesimama muda wote linapojazwa kiini. Kuliondoa hapo kunahitaji protini mbili zishikane: saiklini B na kimeng'enya kinachojulikana kama Cdc2. Zikishikana, utando wa nyukliasi huyeyuka, kromosomu hujipanga, na mgawanyiko unaendelea. Jeni hizi mbili ni za kale sana. Hamira inazo, binadamu anazo. Kwa Macrobrachium nipponense zimechunguzwa kwa karibu, kwa sababu kama unataka kuichelewesha ovari, hii ni mojawapo ya sehemu za kuikamata. Pamoja nazo zimo jeni za vimeng'enya vya kukata protini, kama katepsini L, vinavyohusika na kuisindika akiba ya kiini ndani ya yai.

Ukitazama mfululizo huo wote, utaona mgawanyo wa kazi. Lini na kwa kiasi gani, huamuliwa nje. Namna yai linavyokamilika, huamuliwa ndani.

Kinachomfanya jike awe jike

Swali gumu zaidi lilikuwa hili: kwa nini kamba huyu ana ovari, na yule ana korodani? Kwa Macrobrachium rosenbergii kromosomu za jinsia hufuata mpango wa ndege, kinyume cha ule wa binadamu. Jike ana W na Z; dume ana Z mbili. Lakini kromosomu hizo peke yake hazimalizi jambo.

Mwaka 1954 Hélène Charniaux-Cotton, Mfaransa mwingine, alipandikiza kwa majike wa krasteshia mdogo wa ufukweni, Orchestia gammarella, tezi ndogo aliyoikuta kwa madume tu. Majike wale wakaota maumbile ya kidume, na ovari zao zikaanza kutoa mbegu za kiume. Tezi hiyo iliitwa tezi ya androjeni. Tofauti na wanyama wenye uti wa mgongo, ambao korodani zao hutengeneza mbegu na homoni mahali pamoja, krasteshia wamevitenganisha: korodani hutoa mbegu, tezi ya androjeni hutoa amri.

Timu ya Amir Sagi, Chuo Kikuu cha Ben-Gurion cha Negev, Israel, imefanya kazi kubwa ya kuitafuta jeni ya amri hiyo. Ilipatikana kwanza, mwaka 2007, kwa kamba wa maji baridi wa Australia, Cherax quadricarinatus, kisha kwa Macrobrachium rosenbergii. Ni jeni ya homoni inayofanana na insulini, ijulikanayo kama IAG. Mwaka 2012 timu hiyo iliripoti kwamba dume mchanga akidungwa RNA ya kuinyamazisha IAG mapema vya kutosha, hageuki kuwa dume dhaifu. Anakuwa jike kamili, mwenye ovari, anayetaga mayai na kuyaatamia. Kwa Cherax, ambao miongoni mwao huzaliwa wengine wenye viungo vya jinsia zote mbili, kuinyamazisha IAG kulifanya jeni ya vitelojenini iamke na mayai yaliyodumaa yaanze kujaa kiini.

Hapo ndipo tunamrudia yule dume mwenye jeni ya vitelojenini iliyolala. Haikulala kwa sababu amekosa kitu. Imelazwa na homoni ya tezi moja ndogo, na tezi hiyo isipokuwepo, mwili wa kamba huelekea upande wa ovari.

Faida yake kwa mfugaji ni kubwa. Jike aliyetokana na dume ana kromosomu ZZ. Akipandwa na dume wa kawaida, naye ZZ, watoto wote ni madume. Kwa rosenbergii madume hukua wakubwa kuliko majike, na wanunuzi wanawataka. Njia ya kinyume nayo ipo. Jike wa WZ akipandikizwa seli za tezi ya androjeni angali mchanga hugeuka dume. Akimpanda jike wa kawaida, robo ya watoto hutoka na W mbili. Hawa ni majike wanaoishi na kuzaa bila shida, na wakipandwa na dume wa kawaida, kila mtoto ni WZ, yaani jike. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 2016. Bwawa la majike watupu lina faida yake: madume wa rosenbergii hugombana na hutofautiana sana ukubwa, wengine wakitawala kwa makucha ya buluu na wengine wakidumaa, ilhali majike hulingana zaidi na huvumilia kubanana.

Kuisoma orodha ya jeni

Kwa miaka kadhaa sasa kazi nyingi zinazotangazwa zina sura moja. Watafiti huchukua ovari za hatua tofauti, husoma RNA yote iliyomo, halafu huorodhesha jeni zilizopanda na zilizoshuka. Orodha huwa na mamia, pengine maelfu ya majina. Ni kazi ya maana, kwani bila hiyo tusingejua pa kuanzia. Lakini jeni iliyopanda ovari inapojaa si lazima iwe ndiyo inayoijaza. Seli inayokua inahitaji kutengeneza protini nyingi, kupumua zaidi na kujigawa. Jeni za kazi hizo zote zitapanda, kama ambavyo zingepanda kwenye kiungo chochote kinachokua.

Isitoshe, aliyepima ovari peke yake hawezi kuiona GIH ikishuka kwenye kikonyo, wala vitelojenini ikipanda kwenye tezi ya mmeng'enyo. Ndiyo maana utafiti ulio makini hupima viungo kadhaa kwa pamoja, kisha huchukua jeni chache zinazotiliwa shaka na kuzinyamazisha moja baada ya nyingine. Jeni ikinyamazishwa na ovari ikasimama, una sababu ya kuiita jeni ya ukomavu wa ovari. Isipotokea hivyo, ilikuwa msindikizaji.

Kwa mfugaji wa nipponense, matunda ya kazi hiyo hayatakuwa sindano. Hakuna anayeweza kumdunga kila kamba bwawani. Njia inayowezekana ni kutumia jeni hizo kama alama za kuchagulia wazazi, ili kizazi baada ya kizazi wabaki majike ambao kwao mfumo huu huchelewa kuwashwa.

Matumizi yasiyotarajiwa

Mfano mmoja wa Afrika unaonyesha ujuzi huu unavyoweza kutoka nje ya biashara ya chakula. Bwawa la Diama lilipokamilika karibu na mdomo wa Mto Senegal mwaka 1986, maji ya chumvi yalizuiwa, na kamba wa asili, Macrobrachium vollenhovenii, wakakatiwa njia. Majike walikuwa wakishuka hadi kwenye maji ya chumvi kuangua, na vifaranga wakipanda mto kurudi. Kamba walipopungua, konokono wanaoeneza kichocho, ambao ni chakula cha kamba hao, waliongezeka, na kichocho kikaenea kwa kasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ukiongozwa na Susanne Sokolow, ulionyesha kwamba kamba waliorudishwa kwenye eneo la kuchotea maji katika kijiji kimoja walipunguza konokono wenye maambukizi, na pia maambukizi kwa watu.

Lakini ni kamba gani wa kurudisha? Jike hushuka kufuata chumvi, kwa hiyo hakai kijijini. Watafiti wakapendekeza madume watupu, wanaokua upesi na wasio na safari ya kuangua, wapatikane kwa njia ileile ya IAG. Na mahali ambapo kamba wa asili hapatikani kwa wingi na mtu anafikiria kuleta rosenbergii kutoka Asia, kundi la jinsia moja lina faida nyingine: wakitoroka kuingia mtoni hawatazaana.

Jambo hilo linatuhusu. Mito yetu inayomwaga maji Bahari ya Hindi ina Macrobrachium wake wa asili, na kichocho tunacho. Atakayeleta vifaranga wa kigeni akisema ni madume watupu, neno lake lisitoshe. Kromosomu za jinsia za kamba huyu hupimika kwa sampuli ndogo ya mwili, na kipimo kitaonyesha kama kuna W yoyote kwenye kundi. Kipimo hicho kifanyike kabla vifaranga hawajagusa maji ya bwawa, maana majike wachache waliopenya, wakikutana na madume na njia ya kufika kwenye maji ya chumvi, wanatosha kuanzisha ukoo.